Acha Kumezea Mate Miji ya Kale ya Uchina: Karibu na Lodwar Kuna Mawe Yamesimama Miaka 5,000

Hizo video umeziona. Droni inapita juu ya mapaa ya vigae, taa nyekundu zimening'inia kwa vichochoro, dem amevaa hariri anatembea pole pole na mwavuli, na chini kwa komenti wasee wanaandika "siku moja, Mungu akijalia". Ni miji kama Pingyao, kule mkoa wa Shanxi. Ukuta unaozunguka huo mji ni karibu kilomita sita, na ulijengwa kwa ukubwa huo mwaka 1370, enzi za Ming. Kusema ukweli, ni moto. Hakuna mtu anakataa.

Lakini shika hii. UNESCO iliweka Pingyao kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Mwaka huo huo, kwa orodha hiyo hiyo, ikaweka mbuga za Ziwa Turkana. Pingyao ikajaza watalii. Turkana ikabaki ile kaunti ukisema unaenda, msee wa Nairobi anakuuliza kama umebeba maji ya kutosha. Hadi wenyeji wana ule utani wao: ukitoka Lodwar kwenda Kitale, unaaga watu ukisema unaenda Kenya.

Sasa, nje ya hizo mbuga, upande wa magharibi wa ziwa, kuna kitu cha kale kuliko ukuta wa Pingyao mara saba hivi. Si mji. Hakuna ukuta, hakuna geti, hakuna mtu anakuuzia kofia. Ni nguzo za mawe ambazo watu walizisimamisha miaka karibu 5,000 iliyopita, na bado zimesimama. Ukiwa Lodwar, hauko mbali. Ukiwa Kakuma, pia hauko mbali, ingawa kwa wengine wenu kuna kizuizi ambacho si kilomita. Tutafika hapo.

Hii ni stori ya nini utaona, kwa nini bado ipo, na vile utaenda bila kuiharibia wenye watakuja baada yako.

Kalokol: mawe yaliyokuwa watu

Anza na rahisi. Kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, kabla hujafika Kalokol yenyewe, kuna kikundi cha nguzo 19 za jiwe jeusi gumu, lile la volkeno. Zingine ndefu, zingine fupi, zimeinama huku na kule kama wasee wamechoka kwa foleni. Ukipita mbio na gari unaweza dhani ni mawe tu. Ukisimama na ukaangalia, unashtuka: hakuna jiwe linajisimamisha hivyo. Kuna mtu alilibeba, akalichimbia, akalisimamisha.

Waturkana wanaita hapa Namoratunga, watu wa mawe. Stori yake inasimuliwa kwa namna tofauti, lakini mifupa yake ni hii: watu walikuwa wakicheza ngoma, akatokea roho mbaya, wakamcheka. Akawageuza mawe vile walivyokuwa wamesimama. Ukiziangalia tena na hiyo stori kichwani, kweli zinakaa mbogi iliyokatwa katikati ya densi.

Wanasayansi nao wamekuwa na stori zao, na zimebadilika. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba nguzo hizi zilikuwa kalenda ya nyota: ati zimepangwa kufuata nyota zile Waborana hutumia kuhesabu siku, na zina kama miaka 2,300. Hiyo stori ilienda mbali, na hadi leo utaipata kwa mtandao ikisemwa kama Injili. Shida ni kwamba mwaka 1982 mtafiti mwingine alizirudia na akatilia shaka vile vipimo. Baadaye, kazi ya wanaakiolojia kwenye nguzo za eneo zima ikaonyesha kwamba watu walianza kuzijenga zamani zaidi, karibu miaka 5,000 iliyopita. Kwa hivyo ukienda na mtu akuambie ni kalenda, usimkate, lakini jua hilo jambo halijawahi kuisha.

Lothagam: waliozikwa pamoja

Kalokol ni moja tu. Nguzo kama hizo ziko sehemu kadhaa kuzunguka ziwa, hadi upande wa mashariki kule Jarigole. Ile iliyosomwa zaidi iko Lothagam, kusini-mashariki mwa Lodwar, kuelekea mto Kerio. Na hapa ndipo stori inakuwa kubwa.

Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya miaka mingi ya kazi huko Lothagam Kaskazini. Juu unaona jukwaa la mawe la duara, upana wake kama mita 30, na nguzo. Chini yake kuna shimo kubwa lililojaa watu. Wanakadiriwa kufika 580. Ni makaburi, na ndiyo makubwa na ya zamani zaidi ya aina yake yanayojulikana Afrika Mashariki. Yalitumika kuanzia miaka kama 5,000 iliyopita hadi 4,300 hivi. Kumbuka piramidi kubwa ya Giza ina miaka kama 4,500. Yaani Lothagam ilianza watu wakiwa hawajaweka jiwe la kwanza la hiyo piramidi.

Waliojenga ni akina nani? Ni wafugaji wa kwanza kuingia Kenya na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Na waliingia wakati mbaya. Kabla ya hapo Turkana haikuwa hii unayoijua. Mvua ilikuwa nyingi, ziwa lilikuwa juu kuliko leo kwa makumi ya mita, na watu waliishi kwa kuvua samaki. Halafu mvua ikapungua, Sahara ikakauka, ziwa likarudi nyuma. Maisha yote yakabadilika. Malisho yanahama, maji yanahama, na wewe na familia yako mnahama nayo. Majirani ni wageni, na wewe kwao ni mgeni.

Katikati ya huo msoto wote, hawa watu walikuwa wanarudi mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, kuzika watu wao. Na walivyozika ndiko kunashangaza. Watoto wachanga, wazee, wanaume, wanawake, wote wamewekwa pamoja. Karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, hereni, vitu vya mifupa na meno. Kuna mmoja alizikwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa jangwani. Hebu fikiria kazi ya kukusanya hayo meno. Lakini hakuna kaburi la sonko. Hakuna chumba cha mfalme katikati na vibarua pembeni.

Hiyo ilivuruga vichwa vya wasomi, juu kwa muda mrefu ilikuwa inaaminika kwamba jengo kubwa la kale linamaanisha kuna mdosi: mfalme, kuhani, mtu wa kuamrisha wengine wabebe mawe. Piramidi zina Farao. Ukuta wa Pingyao una dola la Ming. Lothagam haionyeshi mtu kama huyo. Ni watu wa kawaida, bila nyumba za kudumu, walioshikana wakajenga. Na shimo lilipojaa, hawakuliacha wazi. Walilifunika kwa mawe na wakasimamisha nguzo juu, zingine zikitolewa karibu kilomita moja kutoka hapo. Bila lori, buda. Bila hata punda wa kusaidia, kwa kadiri tunavyojua.

Kwa nini bado ziko hapo?

Ukienda Kalokol, endelea mbele kidogo hadi mjini. Kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za msaada kutoka Norway. Mpango ulikuwa Waturkana wawache kutegemea mifugo, wavue, samaki wagandishwe na kuuzwa mbali. Kugandisha samaki kwa joto la huko kukawa ghali kuliko samaki wenyewe, na ile ghuba ya Ferguson waliyokuwa wakivulia ikakauka miaka ya 1980. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana, kikafa. Leo kinatajwa darasani duniani kote kama mfano wa msaada uliokosa kuuliza wenyewe wanataka nini.

Weka hivyo viwili pamoja. Jengo la simiti na mashine, halijamaliza hata miaka michache. Mawe yaliyosimamishwa kwa mikono, miaka 5,000. Tofauti ni nini?

Sehemu ni hali ya hewa. Turkana ni kavu, na jiwe la volkeno ni gumu. Sehemu ni kwamba hakuna mji uliokua juu yake, tofauti na Nairobi ambako kitu cha miaka 60 kinabomolewa usiku kupisha ghorofa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi sana. Waturkana si wenye walijenga hizo nguzo. Wao walifika eneo hili karne chache tu zilizopita, kutoka upande wa Karamoja, wakakuta mawe yashasimama na waliojenga hawapo. Wangeyabomoa wajengee boma. Badala yake wakayapa stori. Na jiwe ukiamini lilikuwa mtu, hulibebi ukaenda kujengea choo.

Hiyo stori ya ngoma imefanya kazi ambayo Pingyao inafanywa na ukuta. Ndio maana mzee akikusimulia, usicheke. Hao wengine walicheka unaona waliishia wapi.

Vile utafika

Kutoka Nairobi kuna ndege hadi Lodwar, ama unapanda basi hadi Kitale na kuendelea kaskazini kupitia Kapenguria, Kainuk na Lokichar. Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300. Kabla hujalipa fea, uliza hali ya usalama ya upande wa Kainuk hiyo wiki. Madereva wanajua kuliko mtandao. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na barabara siku hizi si ile ya kuvunja mgongo.

Ukifika Lodwar usikimbie. Huu mji nao una ya kwake. Hapa ndipo Wazungu walimleta Jomo Kenyatta mwaka 1959 baada ya kumaliza kifungo Lokitaung, na akakaa chini ya ulinzi hadi 1961. Walichagua Lodwar juu waliona ni mwisho wa dunia. Miaka miwili na kitu baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Kutoka Lodwar, chukua gari la Kalokol ama ongea na msee wa nduthi anayeijua hiyo njia. Kubaliana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjatoka. Ile ya kusubiri ndiyo watu husahau na kukosania huko jangwani. Toka asubuhi mapema. Joto la Lodwar linapita nyuzi 35 kama kawaida, na kwa zile nguzo hakuna kivuli. Beba maji mengi kuliko unayodhani unahitaji, kofia, na viatu vya kufunika vidole juu miiba ya huko haina adabu.

Lothagam ni form nyingine. Si mahali pa kuingia kienyeji na nduthi. Hakuna bango linakuelekeza, na ni eneo la utafiti. Ukiwa na kikundi cha shule, chuo ama vijana, pitia kwa watu wa Makumbusho ya Taifa au ofisi za utamaduni za kaunti pale Lodwar, mpewe mtu anayejua. Na uende ukijua kwamba mashimo ya uchimbaji hayakuachwa wazi kwa ajili ya picha. Utaona jukwaa, nguzo na duara za mawe. Watu wenyewe wako chini, na hiyo ni heshima yao.

Ukiwa na siku zaidi na gari linaloweza, kaskazini zaidi kuna Nariokotome, pale ambapo timu ya Kamoya Kimeu ilipata Kijana wa Turkana mwaka 1984. Huyo ana zaidi ya miaka milioni 1.5. Lakini hiyo ni safari ya kupanga, si ya kuamka nayo Jumamosi.

Vile utajibeba

Moja, salamia watu. "Ejok" inakufungulia mlango kuliko noti. Ukikuta watu na mifugo yao karibu na nguzo, wewe ndiye mgeni, si wao. Uliza kama ni sawa kuingia. Mtoto akijitolea kukuongoza, mpe kitu cha haki.

Mbili, usiguse, usipande, usisukume. Najua luku ya kukaa juu ya nguzo itawaka kwa TikTok. Lakini nguzo iliyoinama kwa miaka elfu nne haihitaji kilo zako sabini. Ikianguka, hakuna fundi wa kuirudisha vile ilikuwa, juu hakuna anayejua kwa uhakika ilikuwa vipi.

Tatu, usiokote kitu. Shanga, kigae cha chungu, jiwe lililochongwa, kipande cha mfupa. Kwa mwanaakiolojia, thamani ya hicho kitu iko pale kilipolala, na kilicholala pembeni yake. Ukikiweka mfukoni kinabaki kuwa takataka nzuri. Pia ni kosa: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivi, na mtu akiviharibu au kuvihamisha anaweza kushtakiwa.

Nne, usiandike jina. Hatutaki kujua Brayo alipenda Shiru 2025.

Tano, omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha. Mathe aliyevaa shanga hadi kidevuni hajavaa kwa ajili yako. Amevaa juu ndivyo anavyovaa.

Kwa wasee wa Kakuma

Sasa lile suala la kizuizi. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, vijana waliotembea kutoka Sudan walipoingia na vumbi miguuni. Kalobeyei ikafuata zaidi ya miaka 20 baadaye. Leo sehemu zote mbili zina karibu watu laki tatu, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingine. Kuna wasee wamezaliwa hapo, wamesoma hapo, wana miaka 25, na hawajawahi kuona ziwa ambalo kaunti yao imeitwa kwa jina lake.

Si uvivu. Mkimbizi aliyesajiliwa Kakuma hawezi kuamka tu na kupanda gari kama msee wa Lodwar. Anahitaji pasi ya kusafiri kutoka kwa idara ya serikali ya wakimbizi, na pasi hutolewa kwa sababu: hospitali, shule, biashara. "Nataka kuona mawe ya kale" ni sababu ngumu kuieleza kwa dirisha la ofisi. Ukijaribu, omba mapema, sema unaenda wapi na unarudi lini, na ikiwezekana muombe kama kikundi cha shule ama cha vijana, mkiwa na barua. Usitoke bila pasi. Picha ya Kalokol si ya kulala seli nayo.

Na nyinyi wa Kakuma mjini, wenyeji, na walimu wa shule zinazochanganya watoto wote: mkipanga safari, hesabuni na hao wa ndani ya kambi tangu siku ya kwanza, juu karatasi zao huchukua muda. Safari ikishapangwa bila wao, huwa wanaachwa.

Kwa nini nasisitiza? Juu kama kuna watu katika nchi hii wenye haki ya kusimama mbele ya Lothagam na kusema "hii naielewa", ni hao. Waliojenga pale walikuwa wamefika kwenye nchi kavu na mifugo yao, wamekuta watu wengine, ziwa linakimbia, hakuna aliyejua mwaka ujao utakuwaje. Hawakuacha ukuta wa kufungia wengine nje. Waliacha mahali ambapo mtoto wa kila mtu alizikwa na shanga zake. Halafu wakapotea, wakaja wageni wengine, Waturkana, wakayakuta yale mawe na wakayatunza kwa stori kama ya kwao.

Kwa hivyo ndiyo, siku moja nenda Pingyao, tembea juu ya huo ukuta, kula tambi, tuma picha. Lakini ukiulizwa huko kama kwenu kuna kitu cha kale, uwe na jibu. Fea ya kutoka Lodwar hadi Kalokol haifiki bei ya pea ya viatu vya Gikomba.